Maji Nayo Yanataka Daftari

Leo naweka mbolea pembeni, tuzungumze maji ya miaka 20 ijayo.

Sisi wa Usangu tunalima mpunga kwa maji yanayoshuka kutoka milima ya Uporoto na Kipengere. Yakitoka majarubani kwetu huingia Ihefu, hushika njia ya Ruaha Mkuu, hupita Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, kisha hujaza Mtera na Kidatu yanakofuliwa umeme. Zamani mto huo ulitiririka mwaka mzima. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 hukauka kiangazi ndani ya hifadhi. Kwa hiyo walio chini yetu wanadai, nasi watoto wetu wanataka mashamba.

Kila nikitembelea vikundi naulizwa: "Bwana shamba, mpango wa bonde unatuhusu nini?" Unatuhusu sana. Nchi ina mabonde 9, na letu ni la Rufiji. Sheria ya maji ya mwaka 2009 inataka kila bonde liwe na mpango wake. Anayepanga hupiga hesabu kama mwenye duka: kinachoingia, kinachotoka, na wateja watakaoongezeka. Matumizi ya nyumbani na maji ya kubaki mtoni hutangulia, ndipo kilimo. Na wahenga walishasema, mali bila daftari hupotea bila habari. Skimu isiyojua inatumia kiasi gani itatetewa kwa hoja gani?

Basi msimu huu fanyeni haya:

1. Kiulizeni kibali chenu cha kutumia maji kiko wapi, kwa jina la nani, na kinaruhusu kiasi gani.

2. Pimeni mfereji. Chagueni sehemu iliyonyooka, pimeni mita 10, tupieni kijiti katikati na kuhesabu sekunde. Upana mara kina mara mwendo, kisha punguzeni kidogo, maana maji ya chini huenda polepole. Mfereji wa upana wa mita 1 na kina cha sentimita 30, kijiti kikitumia sekunde 20, hupitisha kama lita 130 kwa sekunde. Rudieni kila wiki na kuandika.

3. Andikeni eka zinazolimwa kweli. Kujaza jaruba kina cha sentimita 5 ni kama lita 200,000 kwa eka.

4. Mfanyabiashara, andika magunia unayonunua kila msimu na yanatoka mfereji gani. Maji yakikatwa, mashine yako nayo itasimama.

Jambo linaloniumiza ni wa mwisho wa mfereji. Banio likifunguliwa ovyo usiku huku juu, mpunga wao huungua ukiwa umeshabeba. Daftari likisomwa mbele ya mkutano wa jumuiya ya watumia maji, zamu huheshimiwa, na mpango wa miaka 20 huanzia hapo.

Kikao kijacho nendeni na daftari, kalamu na futi kamba. Kazi njema.