Mtafiti wa Moyo na Macho

Kazi njema za duniani ni nyingi, lakini sifa zake hazigawanywi sawasawa. Tabibu amponyaye mgonjwa hupata shukrani zake siku ile ile. Mgonjwa humjua kwa uso na kwa jina. Mtafiti wa maradhi hana bahati hiyo. Huyu hufanya kazi miaka ishirini au thelathini ili awaokoe watu ambao hatawaona kamwe, na wao hawatamjua. Mtu aliyekingwa na ugonjwa hana habari kwamba alikuwa hatarini, na hawezi kutoa shukrani kwa msiba ambao haukumpata. Msomaji, nataka kukueleza habari za kazi hii, hasa ya wale wachunguzao maradhi ya moyo pamoja na maradhi ya macho. Naiona kuwa ni kazi ya heshima kubwa, na yamkini wewe usomaye ukurasa huu utaifanya siku moja.

Labda utashangaa kuona moyo na macho vikitajwa pamoja. Moyo umefichwa kifuani, na jicho liko wazi usoni. Walakini viungo hivi viwili ni jamaa wa damu moja. Moyo husukuma damu katika mishipa ya mwili mzima, na baadhi ya mishipa iliyo myembamba kabisa imetandazwa nyuma ya jicho, katika utando upokeao nuru, uitwao retina. Mwaka 1851 mtaalamu wa Ujerumani, Hermann von Helmholtz, alitangaza chombo cha kutazamia ndani ya jicho. Tangu hapo tabibu ameweza kuiona mishipa ya damu ya mtu aliye hai bila ya kumgusa kwa kisu. Shinikizo la damu likipanda kwa muda mrefu, mishipa hiyo husinyaa na pengine huvuja. Sukari ikizidi katika damu, huharibika vile vile. Kwa hiyo jicho ni dirisha, na atazamaye dirishani huweza kujua mambo ya ndani ya nyumba.

Mimi si tabibu, lakini jambo hili nimelijua kwa mwili wangu mwenyewe. Nilikwenda kwa daktari wa macho nikitaka miwani ya kusomea, basi. Alinitazama ndani ya jicho kwa taa yake, akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza habari za shinikizo la damu. Nilimjibu kwamba sikuwa na maumivu yoyote. Akaniambia kwamba ugonjwa huo haubishi hodi, akanipeleka chumba cha pili nikapimwe. Miwani nilipata, na dawa za shinikizo la damu nilipata pia. Njiani niliwaza: daktari yule alijuaje? Alijua kwa sababu watu wengine, ambao mimi sikuwajua wala wao hawakunijua, walikaa miaka mingi wakichungulia macho ya watu, wakipima, wakihesabu na kuandika.

Sasa utazame jinsi watu hao wafanyavyo kazi yao. Mwaka 1982, katika mji wa Boston, Marekani, Charles Hennekens na wenzake walianza utafiti wa maswali mawili. Je, aspirini huweza kuzuia shtuko la moyo? Je, beta-karotini, ile rangi iliyomo katika karoti, huweza kuzuia saratani? Madaktari wanaume 22,071 walikubali kupimwa katika utafiti huo. Waligawanywa kwa kura: nusu walipewa aspirini, na nusu walipewa vidonge vilivyofanana nayo ambavyo havikuwa na dawa. Beta-karotini iligawanywa kwa njia hiyo hiyo. Aliyemeza hakujua amemeza nini, na mtafiti aliyehukumu ugonjwa wake hakujua pia.

Kwa nini siri hii yote? Kwa sababu binadamu hupenda kuona kile anachokitumaini. Mtafiti aliyeipenda dawa yake huweza kuona nafuu mahali pasipo na nafuu, wala si mwongo; ni mpenzi tu. Basi hujifunga kitambaa machoni kwa hiari yake, ili asijidanganye.

Jibu la aspirini lilitangulia. Hesabu zilizochapishwa mwaka 1989 zilionyesha kwamba waliomeza aspirini walipata mashtuko ya moyo 139, na waliomeza vidonge vitupu walipata 239. Jibu la beta-karotini lilikawia mpaka mwaka 1996, baada ya miaka kiasi cha kumi na miwili, nalo lilikuwa fupi: haikuleta faida wala madhara.

Miaka kumi na miwili kwa neno moja la "hapana"! Asiyefikiri atasema kwamba hiyo ni hasara tupu. Lakini watu wengi walikuwa wameiamini beta-karotini, na imani peke yake si dawa. Mwaka 1994 watafiti wa Finland walikuwa wamekwisha kutangaza kwamba wavutaji wa sigara waliomeza vidonge vya beta-karotini walipata saratani ya mapafu zaidi kuliko wenzao wasioimeza. Fikiri, msomaji, ni watu wangapi wangaliendelea kununua madhara kwa fedha zao wakidhani wananunua afya, kama pasingalikuwa na mtu wa kuuliza na kulikubali jibu. Neno "hapana" lililothibitishwa huokoa roho sawa na neno "ndiyo".

Katika watu wale wale wa Boston, macho nayo yalichunguzwa. Mwaka 1992 ilitangazwa kwamba waliovuta sigara ishirini au zaidi kwa siku walikuwa katika hatari ya mtoto wa jicho kiasi cha mara mbili ya wale ambao hawakupata kuvuta. Moshi uliojulikana kuwa adui wa moyo ukaonekana kuwa adui wa jicho pia. Mtafiti mmoja akifuata njia ya moyo alijikuta amefika mlangoni pa jicho, maana mwili haukugawanywa vyumba kama hospitali zetu zilivyogawanywa.

Hata hivyo usidhani kwamba jibu la utafiti likipatikana hufungiwa kabatini milele. Wanaume walikuwa wamejibu, je, wanawake? Wanawake 39,876 walichunguzwa habari ya aspirini, na jibu lao la mwaka 2005 halikuwa lile la wanaume: kwa jumla mashtuko ya moyo hayakupungua, bali kiharusi ndicho kilichopungua. Tena mwaka 2018 utafiti mwingine juu ya wazee wenye afya ulionyesha kwamba aspirini ya kila siku iliwazidishia hatari ya kutokwa na damu, wala haikuwapa faida iliyotumainiwa. Ndiyo maana mtu mzima wa afya asiimeze kila siku bila ya shauri la daktari wake. Elimu ya kweli haioni aibu kujisahihisha.

Ikiwa jibu la mwanamume silo la mwanamke, je, jibu la Boston ni la Nakuru? Swali hili hapana budi liulizwe kwetu, na watu wetu. Mwaka 2007 na 2008 daktari wa macho wa Kenya, Wanjiku Mathenge, na wenzake waliwachunguza watu zaidi ya 4,000 wa Nakuru wenye umri wa miaka 50 na zaidi. Wangaliweza kupima macho na kwenda zao. Hawakufanya hivyo, walipima na shinikizo la damu, uzito, sukari na mafuta ya damu. Walikuta kwamba kiasi cha nusu ya watu wale walikuwa na shinikizo la juu la damu. Wengi wetu tulizoea kusema kwamba maradhi ya moyo ni ya watu wa Ulaya na matajiri. Hesabu ya Nakuru iliikanusha kauli hiyo bila ya ugomvi. Kisha mwaka 2013 na 2014 watafiti waliwarudia watu wale wale, wakawatafuta nyumba kwa nyumba, ili wajue ni nani aliyepofuka na ni nani aliyesalimika. Wengine walikuwa wamehama, na wengine walikuwa wamefariki. Haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba cha mtafiti hujazwa kwa miguu.

Kijana usomaye, huenda umeambiwa kwamba kazi hii yataka akili nyingi. Ni kweli, lakini akili si sharti la kwanza. Sharti la kwanza ni ukweli: kuandika tarakimu uliyoiona, wala si uliyoitamani. La pili ni subira, maana maswali mengine huishi zaidi kuliko waulizaji wake. La tatu ni heshima kwa mtu anyooshaye mkono wake upimwe; huyo hakukupa damu yake tu, amekupa imani yake. Hesabu unayoichukia darasani ndiyo jembe la kazi hii, na lugha uliyozaliwa nayo ndiyo ufunguo wa mlango wa bibi kizee wa kijijini, ambaye hatamfungulia mgeni asiyeweza kumwamkia.

Wako wazee wengi ambao giza limewaingia taratibu, nasi husema kwamba ni uzee. Wako watu wengi walioanguka ghafula shambani, nasi husema kwamba siku zao zilikuwa zimetimia. Pengine ni kweli, na pengine iko sababu inayongoja mtu wa kuiuliza. Mtafiti ni yule asiyeridhika na neno "pengine". Akifa, huenda pasiwe na barabara iitwayo kwa jina lake. Lakini mahali fulani mzee atasoma barua ya mjukuu wake kwa macho yake mwenyewe, na moyo wake utapiga kwa furaha bila ya kusimama.