Umri wa Fanani: Kumbukumbu ya Bi Kidude

Fatuma binti Baraka, aliyejulikana kote kwa jina la Bi Kidude, alifariki dunia huko Bububu, Unguja, tarehe 17 Aprili 2013. Waliomwandikia tanzia walikabiliwa na suala moja la awali: alikuwa na umri gani? Kila mmoja alikadiria alivyoweza, kwani hapakuwa na hati, na marehemu mwenyewe hakuwa amewaachia mwaka wala mwezi. Aliwaachia hadithi. Alizaliwa, alikuwa akisema, zama za rupia.

Jibu hilo humkera mwanahistoria, naye ana haki ya kukereka. Rupia ilitumika Unguja tangu karne ya 19 hadi mwaka 1936, shilingi ya Afrika Mashariki ilipoingia mahali pake. Aliyezaliwa zama hizo huenda alifariki akiwa amepita miaka mia, na huenda hakuifikia. Mwanafunzi wa fasihi simulizi, kwa upande wake, huitambua fomula mara aisikiapo. Zama za rupia ni hapo kale iliyotiwa sarafu mkononi: yashikika, yana uzito, lakini hayamfungi msimulizi kwa mwaka wowote. Hoja ya makala haya ni kwamba aliyoyasimulia Bi Kidude kuhusu maisha yake yalikuwa sehemu ya sanaa yake, na kwamba kuyachukulia kuwa ushahidi wenye mapengo ni kumpunja.

Visa vyenyewe vinajulikana. Binti wa mwuza nazi wa Mfagimaringo, aliyeitwa Kidude kwa udogo wake alipozaliwa, chuo cha Kurani alichokitoroka, ndoa aliyoikimbia, safari ya bara kwa miguu, kisha kurejea Unguja na kuishi kwa kuimba, kuuza wanja na hina, na kutibu kwa miti shamba. Katika maandishi yaliyotokana na masimulizi hayo, umri aliotoroka nao haulingani. Kutoroka kwenyewe, hata hivyo, hakukosekani. Ndivyo ilivyo katika ngano: kiini hubaki, na tarakimu humfuata msikilizaji.

Hapa yafaa kumkumbuka Siti binti Saad, ambaye Bi Kidude alijifunza kuimba kwa kumsikiliza. Siti alirekodi santuri huko Bombay mwaka 1928, na baadaye maisha yake yakaandikwa na Shaaban Robert. Wasifu ule unaposomwa kwa makini, ukulima na ufukara wa utotoni na heshima ya ukubwani vinapangwa vimfunze msomaji adili. Mkono wa mtunzi umo kila ukurasa. Hakuna aliyemwita Shaaban Robert mwongo. Mwanamke asiyeandika akiyapanga ya kwake kwa ulimi, huambiwa kwamba kumbukumbu imemchanganyikia.

Nyimbo nazo zilipitia njia hiyo hiyo. Muhogo wa Jang'ombe ulikuwa wimbo wa Siti. Leo wengi huusikia kwa sauti ya Bi Kidude, ile sauti ya kukwaruza isiyobembeleza mtu. Siti aliimba kwa kujitanda. Mwanafunzi wake aliimba uso wazi, na sigara ikawa haiko mbali. Kuurithi wimbo, kwake, hakukuwa kuuhifadhi kama ulivyokuwa.

Nusu ya pili ya kazi yake haifikiki kwa urahisi. Bi Kidude alikuwa kungwi. Katika unyago aliusimamia msondo, ngoma ndefu aliyoifunga kiunoni kwa kanga na kuibana kwa miguu, akiwafunda wari mambo ambayo hayasemwi mbele ya wanaume. Mhakiki mwanamume aandikapo juu ya nyimbo hizo huandika akiwa nje ya mlango, na ingekuwa uungwana akikiri hivyo mapema. Hata mhakiki mwanamke aliyechezwa anabanwa na swali: ayaandike aliyofundwa kwa sharti la kuyaficha? Ni kweli kwamba msondo wenyewe ulipandishwa jukwaani, nchi za mbali, mbele ya watu waliolipa kiingilio. Lakini kilichopanda jukwaani ni mapigo na kiuno. Mafunzo yalibaki ndani.

Mwaka 2005 alitunukiwa tuzo ya WOMEX mjini Newcastle, Uingereza. Mwaka uliofuata ikatoka filamu ya Andy Jones, As Old as My Tongue, yaani mwenye umri sawa na ulimi wake. Jina hilo limelijibu suala la tanzia zote, na limelijibu kwa lugha yake Bi Kidude: ulimi ndio kalenda.

Filamu ipo, na rekodi zipo. Kizazi kijacho cha watafiti hakitakosa data. Ila kila rekodi imeshika usimulizi mmoja, wa siku moja, mbele ya aliyekuwa ameuliza siku hiyo. Mtafiti wa leo aweza kuirudia mara mia akapata rupia ile ile. Alipokuwa hai, aliyemwuliza tena angeweza kupata chenji.