Wanawake Wanane, Bunduki Mbili

Wadau, kimya changu cha wiki tatu kisiwatie wasiwasi, niko hai. Mitihani ya katikati ya muhula ndiyo kwanza imeisha, na muda uliobaki umemezwa na jambo ambalo baadhi yenu mkilisikia mtasema baridi imeniingia kichwani: tunapanga safari ya kuwinda. Wanawake watupu. Tuko wanane, na mimi ndiye katibu, manake kila kikao ninachokaa nchi hii naishia kupewa kalamu.

Kwa ambao hamjafika, Wisconsin iko juu kaskazini ya Marekani, pembeni ya yale maziwa makubwa, na huku uwindaji wa dia ni kama sikukuu. Msimu wa bunduki hufunguliwa kila mwaka Jumamosi iliyo kabla ya Alhamisi ya Thanksgiving, na unadumu siku 9. Ijumaa ya kuamkia ufunguzi ukiingia darasani unakuta viti vitupu. Dia wenyewe ni wale wenye mkia mweupe. Sisi Wabongo wa hapa tunawaita swala tu, ingawa mtu aliyesomea wanyamapori atanisuta: swala pembe zake ni za maisha, dia dume anaangusha zake kila mwaka anaota nyingine.

Sasa kwa nini wanawake peke yao? Nilichogundua ni kwamba huku watu wengi hawajifunzi kuwinda, wanarithi. Baba anamchukua kijana wake akiwa na miaka kumi na, wanakwenda kwenye kibanda cha babu, na huko anafundishwa kila kitu: upepo, nyayo, kisu. Siku hizi wasichana nao wanachukuliwa, lakini mwenzangu wa chumba ana kaka wawili walioenda kila mwaka na yeye akabaki na mama yake kuoka mikate. Ukifika chuoni una miaka 20 na huna baba wa kukupeleka, unaanzia wapi? Na mimi niliyetoka Singida, ambaye bunduki pekee niliyowahi kuikaribia ni ya mlinzi wa benki, je?

Swali hili si geni hapa. Mwaka 1990 palifanyika mkutano Wisconsin kuuliza ni nini kinachowazuia wanawake kuwinda na kuvua, na mwaka uliofuata profesa Christine Thomas wa chuo kikuu cha Stevens Point akaanzisha mafunzo yanayoitwa Becoming an Outdoors-Woman, ambayo yakasambaa majimbo mengine. Mmoja wa walimu wetu watatu alianzia huko. Ni mama mstaafu aliyekuwa anaendesha basi la shule, anawinda mwaka wa 30 huu, anaongea kidogo kama mtu anayelipia maneno. Huyo ndiye anayetuongoza, na huyo ndiye nitakayemrudia.

Kabla ya hapo niwaeleze lililoninyima usingizi. Sheria ya shirikisho, tangu mwaka 1998, inamkataza mtu mwenye viza ya muda kama ya wanafunzi kuwa na bunduki, au hata risasi. Risasi moja tu mfukoni ni kosa la jinai, kwaheri shahada, kwaheri viza. Kuna milango michache ya kutokea, na mmojawapo ni leseni halali ya uwindaji iliyotolewa na jimbo. Safi. Lakini jimbo nalo linasema aliyezaliwa kuanzia Januari 1, 1973 lazima awe na cheti cha mafunzo ya uwindaji ndipo auziwe leseni ya kawaida, na kwenye mafunzo kuna siku ya vitendo ya kushika bunduki. Mnaona hapo? Yai na kuku. Wenzangu wenye pasipoti ya bluu hawakuliona kabisa, na siwalaumu, hakuna anayeliona shimo ambalo si la mguu wake.

Nikaenda kwa wakili wa bure wa wanafunzi. Yeye ndiye aliyenionyesha njia ya nyuma, ambayo ni halali kabisa: tangu mwaka 2009 jimbo linaruhusu mtu asiye na cheti kuwinda chini ya mlezi, na kwa ajili hiyo anauziwa leseni. Kwa hiyo, akasema, nunua kwanza, shika baadaye. Leseni itembee na wewe muda wote, na ujue zinaisha Machi 31, siku hiyo kinga yako nayo imekwisha. Nikainunua siku ileile. Ninavyoandika iko kwenye pochi pamoja na kitambulisho cha chuo, nimeshaitazama mara kumi kama mtu aliyepata leseni ya udereva juzi.

Sheria ya mlezi ina masharti: mlezi mmoja kwa mwanafunzi mmoja, na muda wote awe umbali wa kunyoosha mkono. Wanane sisi, walezi watatu, wanagenzi watano. Siku mbili, Jumamosi na Jumapili, asubuhi na jioni, ni zamu 4. Zamu 4 mara walezi watatu ni nafasi 12. Nikaandika kwenye daftari kwa furaha, kila mtu anapata mbili na mbili zinabaki. Tukakubaliana pia kila jozi iwe na bunduki moja tu, mikononi mwa anayejifunza. Sheria tangu mwaka 2017 inamruhusu mlezi naye awe na yake, ila mama wa basi alikataa. Alisema, mwenye bunduki yake anamwangalia dia, hamwangalii mtu.

Halafu likaja suala la wapi. Baba wa mmoja wetu, mtu mzuri sana kusema kweli, alitupa ofa ambayo ukiitazama ni zawadi: eka 160, madungu matatu ameshayajenga juu ya miti, kibanda chenye jiko la kuni. Sharti moja, yeye na mdogo wake wawepo “kuwaangalia mabinti.” Upande wa pili kuna bibi mmoja mjane, rafiki wa mama wa basi, mwenye eka 40 na nyumba yenye choo kimoja. Hakuna dungu hata moja. Utakaa chini kwenye nyasi, mgongo kwenye mti.

Tulibishana saa mbili. Waliotaka kwa baba walikuwa na hoja, msidhani ni woga: yule mzee anakijua kila kichaka, na sisi watano hatujui kitu. Mimi nilikuwa nakumbuka Septemba, alipokuja kutuelekeza uwanja wa kulenga shabaha (mimi nilikaa nyuma ya kamba nikiandika, leseni ilikuwa bado). Mama wa basi alikuwepo pale pale. Lakini kila aliyekuwa na swali alimgeukia mzee, hata wale wanaojiita wapigania haki za wanawake, hata mimi na daftari langu. Yule mama akasimama pembeni na uzoefu wake wa miaka 30 mikono mfukoni. Mzee hakufanya lolote baya, alijibu tu alichoulizwa. Nikawaambia, tukienda kwake tutarudi na nyama na tutakuwa hatujui kupasua, manake kisu kikitoka tu sote tutampa yeye. Kura zikawa tano kwa tatu, tunakwenda kwa mjane. Mzee aliposikia alicheka, akatuazima kamba na sleji ya kuburutia mnyama, na akamwambia binti yake ampigie simu tukipotea.

Uamuzi huo una bei yake. Jumapili iliyopita tulikwenda kuitembelea ile ardhi. Eka 40 zikiwa mraba ni kama mita 400 kila upande, na risasi ya bunduki ya dia inakwenda zaidi ya kilomita. Mama wa basi alitembea mpaka wote, akasimama juu ya kikorongo, akatuuliza kila mmoja: ukipiga hapa na ukakosa, risasi inaishia wapi? Kama jibu si “kwenye udongo,” hapo si mahali pa kukaa. Sehemu ambazo kilima kinapokea risasi zilipatikana mbili. Basi, jozi mbili kwa zamu, si tatu. Bunduki mbili. Nafasi 12 zikawa 8 kwa watu watano: kila mtu moja, tatu zipigiwe kura. Nimepata Jumapili asubuhi, na sikuotea ya ziada. Kuna aliyenuna hadi tunafika chuoni na hakusema neno njia nzima.

Mengine yalikwenda haraka. Nguo: nusu ya unachovaa nje kuanzia kiunoni kwenda juu lazima iwe rangi ya machungwa inayong'aa au ya waridi inayong'aa. Hiyo ya waridi Wisconsin iliiruhusu mwaka 2016, jimbo la kwanza, wakidhani itawavuta wanawake, na wanawake wawindaji wengi wakakasirika kwamba wanachukuliwa kama watoto. Sisi mmoja amenunua ya waridi kwa sababu ilikuwa nusu bei. Mwenzetu Msomali wa kutoka Minneapolis amejishonea hijabu ya machungwa, na nawahakikishia hakuna atakayependeza porini kumshinda. Yeye pia ndiye aliyetuuliza nani atapiga na nani atasoma bismillah. Tukakubaliana zamu yake anapiga na kusoma mwenyewe, na mnyama wake atawekwa mbali na wa wengine.

Nikampigia mama kumwarifu, maana bora asikie kwangu.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba mwanangu. Umekula?”

Nikamweleza. Kimya. Halafu: “Nyama ya porini si inafungisha watu?” Nikamwambia nina leseni, na kwamba huku nyama ya dia wa porini hata kuuza hairuhusiwi, ni ya kula na kugawa. Nikategemea aniulize kama nilikwenda kusoma au kuwinda. Badala yake akauliza, “Nani atagawa?”

Nikamwambia hatujafika huko.

“Mtafika mkiwa na visu mkononi? Babu yako akirudi na mnyama, kazi yake imeishia mlangoni. Bibi yako ndiye aliyegawa, na hakuna aliyethubutu kumuuliza.”

Jamani, vikao vinne, kurasa 11 za daftari, na hakuna aliyeuliza. Dia mmoja akisafishwa anatoa kama kilo 20 za nyama. Tukipata mmoja watu wanane, ni wa nani? Nililipeleka kikaoni Alhamisi, likawasha moto kuliko eka. Mwenye bunduki zote mbili anaona anastahili zaidi, na hajakosea sana. Mwishowe: mjane kwanza, achague anachotaka. Kinachobaki mafungu nane sawa, aliyepiga na aliyebaki jikoni. Mgawaji ni mama wa basi. Na hakuna kumuuliza mtu kwa nini hakufyatua. Hilo la mwisho niliomba mimi liandikwe, kwa sababu sijui Jumapili asubuhi kidole changu kitasemaje.

Nyama haiguswi kabla ya vipimo. Tangu mwaka 2002 dia wa hapa wana ugonjwa wa kukondesha, CWD, ambao kupika hakuuui. Haijathibitishwa kuwa umempata binadamu, lakini wataalamu wanashauri mwenye ugonjwa asiliwe. Kwa hiyo tunatafuta friza ya kuazima ya kuwekea mafungu tukisubiri majibu, ya mwenzangu wa chumba imejaa barafu na samosa zangu.

Mwenye kujua kama nyama isiyo na mafuta kabisa inakubali pilau aniambie mapema. Kesho saa mbili nina jaribio la takwimu, na sijanunua soksi za sufu.