Kiungo cha Tela na Amana ya Mnunuzi



Sisi tuishio Guangzhou tumezoea kuulizwa na jamaa wa nyumbani bei ya kila kitu: vitenge, simu, taa, vigae, mashine za kusaga. Katika nyumba yetu swali lijalo mara nyingi zaidi ni la vipuri vya malori, kwa kuwa hiyo ndiyo kazi inayotulisha. Tunazunguka katika maduka ya barabara ya Yongfu na ya upande wa Guangyuan, tunanunua, tunafungasha, na mzigo unapakiwa bandarini Nansha kwenda Dar es Salaam au Mombasa. Mwezi huu tumeona tuandike juu ya kipuri kimoja ambacho wengi hawakijali kwa sababu hakionekani, nacho ni kiungo kinachoshika tela na gari linalolivuta.

Lori la masafa lina sehemu mbili. Mbele ni kichwa, chenye injini na dereva. Nyuma ni tela, lenye mzigo. Chini ya pua ya tela hutokeza pini nene ya chuma, na juu ya mgongo wa kichwa kuna sahani pana yenye mdomo na taya. Dereva anaporudi nyuma, pini huingia mdomoni, taya huifumba shingo yake, na komeo hujifunga. Pini hiyo moja, yenye unene wa sentimita tano na ushei, ndiyo ivutayo mzigo wote. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki inaruhusu lori kubwa pamoja na mzigo wake kufikia tani 56. Msomaji na azifikirie tani hizo zikiteremka mlima Kitonga mkoani Iringa, au mteremko wa Salgaa nchini Kenya, ilhali pini imelika.

Shemeji yetu ana lori moja tu, nalo huenda Dar es Salaam na Tunduma. Mwaka juzi alitutumia picha ya pini ya tela lake, akatuagiza tumtafutie iliyo rahisi kuliko zote. Akaongeza kuwa, bei ikimshinda, fundi wa mtaani amemwahidi kuijaza ile ya zamani kwa kuichomelea.

Tulimwomba kwanza aipime. Pini ya kawaida ikiwa mpya ina kipenyo cha milimita 50.8, ikishafika 49, imekwisha. Tofauti haifiki milimita mbili, na jicho haliwezi kuiona, hasa chini ya grisi nyeusi, lazima kipimo. Iko pia pini nene ya milimita 90 kwa mizigo mizito mno, nayo haikubaliani na sahani ya hii nyingine, kwa hiyo anayeagiza kwa picha bila vipimo anabahatisha. Ama kuchomelea, hilo tulimkataza kabisa. Chuma cha pini hupikwa na kupozwa kiwandani kwa kiasi maalumu ili kiwe kigumu pasipo kuwa rahisi kukatika. Moto wa kuchomelea huvuruga mpango huo, na ufa huanzia papo hapo ulipopita moto.

Huku dukani tulionyeshwa pini tatu zilizofanana kwa sura. Wafanyabiashara wa hapa husema yuanchang kwa kipuri cha kiwanda mama, na fuchang kwa kipuri cha kiwanda kingine. Si kila fuchang ni mbovu. Vipo viwanda vya namna hiyo vinavyofanya kazi ya kuaminika na kuweka jina lao wenyewe. Kibaya ni chuma dhaifu kilichogongwa muhuri wa jina la watu. Ile ya tatu ilikuwa na jina kubwa na bei ndogo, na muuzaji hakukubali kuandika aina ya chuma wala jina la kiwanda katika risiti. Tukaiacha.

Shemeji alipopata bei ya ile tuliyoichagua, alitujibu kwa maneno machache: "Shemeji zangu, ninyi mnaona chuma, mimi naona deni." Hakusema uongo. Lori lililosimama halileti shilingi, na mkopo haungoji. Hatukuwa na hoja ya kumshinda. Tuliondoa ujira wetu wote katika bei, na tofauti iliyobaki tukaigawa nusu kwa nusu, tukamtumia pini pamoja na bolti zake mpya. Mwezi ule kodi ya nyumba ilitubana. Hatuyasemi haya ili tusifiwe, bali kwa sababu wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, nasi tunaonunua kwa niaba ya wengine ndio tulio karibu zaidi kuuona mzigo wao kuwa mwepesi.

Pini nzuri nayo haimwokoi dereva mzembe. Wenye malori wawakumbushe madereva na utingo wao mambo haya. Baada ya kuunganisha, mtu ashuke na tochi, aingie chini, ahakikishe taya zimeifumba shingo ya pini na kwamba hapana mwanga kati ya sahani na tumbo la tela. Tela likiwa juu mno, pini hukaa juu ya taya badala ya ndani yake, na kwa nje kila kitu huonekana kimefungwa. Kisha, breki za tela zikiwa zimeshika na miguu yake ikiwa bado chini, dereva avute mbele kidogo kwa gia nzito. Mipira ya upepo, waya wa taa na komeo vikaguliwe ndipo miguu ipandishwe. Grisi ya zamani ifutwe kabla ya kupaka mpya, maana grisi iliyochanganyika na mchanga husaga chuma kama msasa.

Kwa wenye magari madogo yanayovuta tela la maji au la mashua, tufe la kuvutia lilingane na kikombe chake. Lipo la milimita 50 na lipo la inchi mbili, na hayo si kitu kimoja. Minyororo ya usalama ipishane chini ya ulimi wa tela, ili ulimi ukichomoka udakwe usichimbe barabara.

Waliojaliwa kuwa na gari hapa China wajue kwamba leseni ya kimataifa haitambuliwi huku. Lazima kupata leseni ya China. Kanuni za utekelezaji wa sheria ya barabarani, zilizoanza tarehe 1 Mei 2004, zinaruhusu gari dogo la abiria kuvuta tela la kulala safarini, au tela lisilofika kilo 700, na ni marufuku kupakia watu ndani ya tela. Tangu tarehe 1 Aprili 2022 iko leseni maalumu ya kuvuta matela mepesi, daraja la C6. Gari likiharibika na kuvutwa kwa kamba, umbali uwe zaidi ya mita 4 na pungufu ya mita 10. Breki zikiwa zimekufa, kamba haifai, utumike mti wa chuma. Katika barabara kuu za mwendo kasi usivutwe na rafiki: weka alama ya tahadhari zaidi ya mita 150 nyuma, ondoa watoto garini na mpite nje ya kingo, kisha ita gari la uokozi.

Mashirika ya viwango ya Tanzania na Kenya yameweka utaratibu wa kukagua bidhaa kabla hazijapakiwa. Ni jambo jema, lakini mkaguzi hawezi kukishika kila chuma. Wa kwanza kukishika ni sisi. Kwa hiyo tunawaomba ndugu tunaofanya nao kazi hii: tudai vipimo kabla ya kununua, tudai jina la kiwanda katika risiti, na tuwe tayari kumwambia mteja kwamba kitu fulani hatukinunui hata akikitaka. Dereva aliye Kitonga usiku hatujui sisi ni nani, naye amekwisha kutuamini.

Wabillahi tawfiq.