Hiyo nyingine imekwenda wapi?

Mwaka wa tatu, utafiti wangu ulikuwa mdogo tu: kupima TGF-beta kwenye plazma ya damu. Kabla ya sampuli zenyewe unakijaribu kipimo kwanza. Unatia kiasi unachokijua, halafu unaangalia kama utarudishiwa kile kile. Kwenye maji ya chumvi nilirudishiwa karibu chote. Kwenye plazma, katika kila 100 nilipata 38. Nikarudia, 41. Nikarudia tena, 38.

Vitendanishi vilikuwa vinaisha, na bumu lilishakata siku nyingi. Rumeti wangu akaniambia, "Wewe andika 95 usepe. Nani atakuja kurudia?" Sitajifanya malaika: niliandika. 95 ililala kwenye jedwali langu siku tatu.

Siku ya nne nilikutana na msimamizi kwenye ngazi. Jedwali alikuwa hajaliona, nami ulimi ukaniteleza nikamtajia ile 38. Akauliza, "Sasa hiyo nyingine imekwenda wapi?" Kwa kweli sikuwahi kujiuliza. Nilidhani ni mkono wangu mbaya.

Plazma si maji. Mle mna alfa-2-makroglobulini, protini kubwa ya vipande vinne vinavyofanana, kama kilodaltoni 720 kwa jumla. Darasani tuliisoma kama dema la samaki: kimeng'enya kinachokata protini kinauma chambo, dema linabadilika umbo na kukifungia ndani, kisha seli za ini zinaliondoa kwenye damu kwa dakika chache. Mtihani unaishia hapo. Kumbe protini hiyo hiyo inashika pia vichocheo vya ukuaji, kama TGF-beta, PDGF na kile cha neva, pamoja na saitokini kama interleukini-1 beta na interleukini-6. Hizi hazihitaji kuuma chambo. TGF-beta ikishikwa, kwa kawaida hunyamaza. Na kingamwili za kipimo zinahitaji kuikuta wazi. Ikifunikwa haziioni, mashine inasoma pungufu.

Basi huenda 38 ndiyo ilikuwa habari yenyewe, na mimi nilikuwa nimeifuta.

Niliirudisha. Sikubakiwa na vitendanishi vya kuthibitisha kwamba mhusika ni protini hiyo, na hilo nalo nikaliandika. Siku ya kutetea, mjumbe mmoja alinibana kwenye jedwali hilo hilo mpaka jasho likanitoka. Nikapata B+. Rumeti hadi leo ananiambia ningeandika 95 ingekuwa A.