Nazi za Kongowea, Tui la Kopo

Anayetaka chakula cha Kithai akiwa Likoni mara nyingi huvuka maji. Dada yangu alilijua hilo vizuri alipotangaza kwamba mwaka huu, akitimiza miaka 50, hataki biriani ya sinia wala keki ya ghorofa. Ataka mchuzi wa kijani wa kuku, wenye mchaichai na mrehani, na watoto wake wote wakae meza moja.

Ladha hiyo aliipatia Dubai. Alifanya kazi saluni pamoja na wanawake kutoka Thailand, wakapanga chumba kimoja na kupokezana zamu za kupika. Mmoja wao alikuwa Mwislamu wa Pattani, mkoa wa kusini karibu na Malaysia ambako Waislamu ndio wengi. Sikukuu ya Idi alipika massaman: nyama iliyoivia ndani ya tui, pamoja na viazi, karanga, iliki, mdalasini na karafuu. Dada alipoonja mara ya kwanza alidhani chungu kimetoka Mji wa Kale, Mombasa.

Mwaka 2002 serikali ya Thailand ilianzisha mpango wa kueneza mikahawa ya nchi hiyo duniani, wakati huo ikikadiriwa kuwa takriban 5,500. Hiyo ni sababu mojawapo ya miji mingi ya Ulaya na Marekani kutokosa pad thai. Nairobi nayo imekuwa na Thai Chi ndani ya hoteli ya Sarova Stanley kwa miaka. Kwetu Mombasa, chakula hicho hutafutwa zaidi kwenye hoteli za ufuoni, au kwenye mikahawa inayopika Kichina, Kihindi na Kithai jiko moja.

Basi, kabla ya siku yenyewe, tukapanda feri kutafuta mkahawa, tukashika matatu, tukavuka daraja la Nyali. Hoteli ya kwanza ilitwambia Kithai hupikwa usiku mmoja tu kwa wiki, kwa wageni wanaojipakulia. Tukashukuru, tukaenda zetu.

Mkahawa wa pili, upande wa Bamburi, ulikuwa na menyu nene, picha za kupendeza na mhudumu kijana mwenye adabu. Dada akaweka kidole kwenye mchuzi wa kijani.

"Mwanangu, tui lenu ni la nazi gani?"

"La kopo, mama. Latoka Thailand kwenyewe."

Alilisema kwa fahari, wala simlaumu, ndivyo alivyofunzwa. Lakini muda mfupi kabla ya hapo tulikuwa tumepita Kongowea, soko ambako mikahawa mingi ya mji huu hununua mboga na matunda, na nazi zilikuwa zimerundikwa chini. Kilifi na Kwale ndizo kaunti zinazoongoza kwa minazi nchini Kenya. Mombasa iko katikati yake, kisha twafungua makopo!

Dada hakubishana. Alikuwa na swali lililomkaa moyoni zaidi. Kitinda mimba wake akila kamba huvimba midomo na kubanwa na pumzi.

"Mchuzi huu una kamba?"

"Hapana, mama. Ni wa kuku."

"Sikuulizi nyama. Nauliza viungo mlivyosaga."

"Ah, mama, ni kama vya Kichina tu. Havina neno."

Hapo ndipo damu ilinichemka. Viungo vya mchuzi wa kijani ni pilipili mbichi, vitunguu, mchaichai, hulunjani na mizizi ya dania, na kwa desturi hutiwa uduvi uliosagwa na kuchachushwa. Jicho haliuoni, na jina la kuku kwenye menyu halimwambii mzazi lolote. Mkahawa unaouza chakula cha ugenini una wajibu wa kuwafunza wahudumu wake kilichomo chunguni. Hilo si jambo la kumpendeza mteja. Kuna mtoto ambaye jibu la "havina neno" laweza kumfikisha hospitalini usiku.

"Niitie mpishi, tafadhali," dada akasema. Sauti yake haikupanda hata kidogo.

Mpishi alitoka akijifuta mikono. Alikuwa Mgiriama wa makamo aliyefunzwa kazi katika hoteli za ufuoni. Alipoulizwa, alijibu bila kuzunguka: uduvi umo. Viungo hununuliwa vikiwa vimesagwa tayari, na kwenye mtungi umeandikwa. Kisha akamgeukia kijana na kumweleza palepale, kwa upole, mbele yetu.

Kuanzia hapo mazungumzo yakawa ya watu wawili wanaojua jiko. Dada alitaka kujua kwa nini mchuzi wa meza ya jirani haukuwa na mafuta juu. Waswahili hupikia tui jepesi kwanza, tui zito likaja mwisho, moto ukiwa mdogo lisikatike. Mpishi wa Kithai hufanya kinyume: huchemsha tui zito mpaka likatike na mafuta yake yajitenge, ndipo akaange viungo ndani ya mafuta hayo. Mpishi akacheka. Tui la kopo, alisema, mara nyingi hutiwa vitu vya kulizuia lisikatike, kwa hiyo yeye hukaangia mafuta ya kupikia. Nazi mbichi angependa, ila tui lake huchacha upesi kwenye joto hili, na mwenye mkahawa hataki kumlipa mtu wa kukuna.

"Nikikuletea nazi zimekunwa?"

"Niletee asubuhi, dada yangu. Viungo nitasaga mwenyewe, bila uduvi, na kwenye sufuria yake peke yake."

Hasira yangu ikalegea. Nilikuwa tayari kuutafuta mkahawa mwingine. Dada alikuwa ameshachagua.

Siku ya sherehe tulivuka na nazi zetu. Mchuzi ulikuja na macho ya mafuta ya kijani juu, na majani ya mrehani, ambao sisi huutia kwenye kikuba, yamelegea ndani yake. Kitinda mimba alikula, akaongeza, wala hakudhurika. Wali ulikuwa laini mno kwa mazoea yetu ya pishori, na bili ilikuwa kubwa kuliko nilivyotaka.

Dada alilipa, kisha akamwomba meneja aandike "una uduvi" mbele ya kila chakula chenye uduvi. Meneja akasema menyu mpya zitachapishwa msimu ujao.

"Kalamu si hii hapa?" dada akamwambia, akimnyoshea.

Meneja alivuta kiti, akamwita mpishi amtajie, wakaanza na menyu ya meza yetu.