Magari ya Zimamoto ya Zamani

Wako wasifuo magari ya zimamoto ya zamani kwa wekundu wake na kengele zake. Mimi nayakumbuka kwa maji. Kizota yetu ni mahali pa maghala na viwanda, katika nchi ya Dodoma ambayo kwa kawaida haipati mvua ya maana toka Mei hata Novemba. Tangi la lita 2,000 ni tani 2 za maji. Mpira utoao lita 400 kwa dakika huzimaliza kwa dakika 5. Baada ya hapo gari ni pambo, na watu huanza kutukana. Aghalabu matusi hayo hayakuwa ya haki.

Zimamoto ilikuwa ya halmashauri za miji kabla ya sheria ya mwaka 2007 kuunda Jeshi moja la taifa. Badiliko hilo lilikuwa jema, nakiri. Lakini wazee wale walikuwa majirani zetu, na walijua kila kisima na kila bomba lenye nguvu. Uingereza magari ya namna hiyo huhifadhiwa na kung'arishwa. Kwetu aghalabu huishia chuma chakavu. Chuma sikililii sana. Mwanafunzi atafutaye habari ya kuandika na awaendee wazee wangali hai, awaulize walichota wapi.